Shahada, shahidi na "uzoefu usiopungua miaka mitatu"

Mpwa wangu anaendesha semi kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Ana miaka 11 kwenye usukani, na kabla ya hapo alikuwa utingo kwa miaka 4. Mlima Kitonga ameushuka na tani 28 nyuma yake mara nyingi hata ameacha kuhesabu, na hajawahi kupata ajali. Mwaka jana alichoka kulala barabarani, akaniomba nimsaidie kuomba udereva serikalini. "Mjomba, gari dogo tu la ofisi. Na mimi nirudi nyumbani jioni kama watu."

Tukakaa Jumapili moja, laptop mezani, tukafungua Ajira Portal. Tangazo la Dereva Daraja la II halina maneno mengi. Linataka cheti cha kidato cha nne. Linataka leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi si chini ya mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Linataka cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Leseni anayo. Mwaka mmoja bila ajali anao, na mingine 10 ya nyongeza. Cheti cha VETA anacho, mwajiri wake ndiye aliyempeleka. Kidato cha nne hana: alimaliza darasa la saba akapanda lori. Shughuli yote haikufika nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kukumbuka nywila.

Ili kumchangamsha nikamwambia kwamba angekuwa anaomba ubunge asingekwama hapo. Kwa upande wa elimu, Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, basi. Hakucheka.

Kisa hiki hakina chuo kikuu ndani yake, lakini ndicho kinachonirudia kila ninaposikia ule ubishi wa vijiweni: kipi kina thamani zaidi, digrii au uzoefu? Upande mmoja unaleta mfano wa mhitimu anayeendesha bodaboda. Upande wa pili unaleta mfano wa fundi hodari asiyepandishwa cheo kwa kukosa karatasi. Wote wanasema kweli, ndiyo maana ubishi hauishi.

Mimi naona tuanzie kwenye neno lenyewe. Tunaiita shahada. Neno limetoka Kiarabu na maana yake ni ushahidi. Lina ukoo mmoja na shahidi, na kushuhudia, na ushuhuda. Astashahada, stashahada, shahada, zote zimo humo. Anayekupa kazi hakujui. Hajui kama utaamka mapema, kama una mkono mrefu, kama unachosema unakijua kweli unakijua. Anatafuta mtu au kitu cha kusimama upande wako na kusema: huyu namfahamu. Chuo ni shahidi mmoja. Mwajiri wako wa zamani ni shahidi mwingine. Mjomba wako aliyemo humo ofisini ni shahidi wa tatu, na tusidanganyane, huyo mara nyingi husikilizwa kabla ya wenzake.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kila anayeajiri ni hili: unamwamini shahidi yupi, na kwa nini huyo? Serikali ina jibu lake, kampuni ina la kwake, na mwenye duka Kariakoo wala hataelewa unauliza nini, kwa sababu yeye huajiri mtoto wa mtu anayemjua.

Kwa nini serikali inaamini karatasi

Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita waombaji kwenye usaili wa nafasi 70. Walikuwa zaidi ya 10,000, ikabidi wakae kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, pale tunapokwenda kuangalia mpira, wakiandika mtihani mapajani. Machi 2025 ilikuwa zamu ya TRA: nafasi 1,596, maombi 135,027. Gawanya mwenyewe, utapata kama watu 85 kwa kiti kimoja. Kwa wingi huo hakuna kamati inayoweza kukaa na kila mtu ikamsikiliza maisha yake. Inahitaji kisu cha kukatia, na kisu chepesi kuliko vyote ni cheti: unacho au huna.

Sababu ya pili ni kwamba karatasi inahakikika. Namba ya mtihani ikipelekwa Baraza la Mitihani, jibu linarudi ndiyo au hapana. Nani atathibitisha kwamba mpwa wangu ameshuka Kitonga kwa gia ya chini, bila kuunguza breki, kwa miaka 11? Mwajiri wake anajua. Matandiboi wake wanajua. Hakuna ofisi inayotunza rekodi ya mambo yasiyotokea, na kazi ya dereva mzuri ndiyo hiyo hasa: kuhakikisha mambo hayatokei.

Sababu ya tatu watu huisahau. Kigezo butu kinamuumiza mpwa wangu, lakini kigezo hicho hicho kinamfunga mikono mkubwa wa ofisi anayetaka kumwingiza mpwa wake. Ukisema "tuangalie uwezo wa mtu, tuachane na makaratasi," umempa nguvu yule atakayeamua nani ana uwezo. Sisi watu wa undugunaizesheni tunajua inavyoishia.

Ukali wa serikali juu ya karatasi umewahi kuonekana wazi mara mbili katika miaka ya karibuni. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamekaa kazini miaka mingi. Uzoefu wao ulikuwa wa kweli hata kama cheti kilikuwa cha uongo, lakini haukuwaokoa, na sioni ungewaokoaje: shahidi wa kwanza akishikwa na uongo, mashahidi wote waliofuata wanatiliwa shaka. Kisha likaja suala la darasa la saba. Tangu tarehe 20 Mei 2004 kiwango cha chini cha kuajiriwa serikalini ni kidato cha nne, na wasiokuwa nacho waliondolewa kazini. Mwaka 2018 serikali ikaamua kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe. Angalia kilichoamua hatima ya watu hawa. Hakuna aliyepimwa anajua nini. Kilichotazamwa ni tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya ajira.

Hata hivyo, mhitimu mpya asiikasirikie serikali haraka. Katika nafasi nyingi za kuanzia, zile za "Afisa Daraja la II", tangazo linataka shahada na halitaki mwaka hata mmoja wa uzoefu. Miaka huanza kuhesabiwa ukiwa ndani, unapotaka kupanda kwenda Daraja la I. Ni waajiri wachache nchini wanaomfungulia mlango mtu asiyewahi kufanya kazi popote, na serikali ndiyo mkubwa wao. Kwa hiyo anayesema digrii haina maana hajasoma matangazo hayo. Ina maana yake, ila imepungua kimo: zamani ilikupa kiti, leo inakupa haki ya kuwa mmoja kati ya wale 135,027. Baada ya hapo unakalia usaili wa mchujo, yaani mtihani mwingine wa kuandika, kwa kuwa hata serikali yenyewe haimwamini tena shahidi huyu akiwa peke yake.

Lini ilikuwa tofauti

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 13, wote wa sheria. Nchi nzima inahitaji mahakimu, makatibu, maafisa, halafu ina wanafunzi 13. Kizazi hicho hakikutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyokitafuta. Wazee wetu wanapotuambia "soma mwanangu, kazi ipo", wanatoa ushahidi wa walichokiona kwa macho yao. Hawakudanganya. Hesabu ndiyo iliyobadilika.

Kuna jambo moja la enzi hizo ambalo wabishani wa leo hawalitaji kabisa, nami nashangaa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma na kupitisha azimio lililogeuza utaratibu wote: mwanafunzi wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Amalize JKT, akafanye kazi kwa miaka miwili, kisha alete maoni mazuri ya mwajiri wake na ya tawi la chama, ndipo aombe chuo. Kwa maneno mengine, Tanzania iliwahi kudai uzoefu kabla ya digrii. Nia ilikuwa kumzuia msomi asijione yuko juu ya wakulima wanaomlipia ada.

Matokeo yake yalikuwa na upande ambao haukutarajiwa. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka, kwa sababu miaka hiyo ya kusubiri kazini ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, ikabidi baada ya muda mfupi wao waondolewe sharti hilo. Mpango wenyewe ulilegezwa hatua kwa hatua hadi ukafa. Naukumbusha kwa sababu kila anayependekeza leo kwamba "uzoefu uwe lazima" afikirie ni nani anayeweza kumudu kuupata. Kijana wa Mbezi ambaye baba yake atamlisha akijitolea mwaka mzima bila posho, au binti wa Namtumbo aliyepanga chumba Manzese? Uzoefu nao una ada yake, ila haitolewi risiti.

Kampuni inataka kuvuna shamba la jirani

Tuvuke barabara. Nilikaa upande wa pili wa meza kwa miaka 7, katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar. Nilipoandika tangazo langu la kwanza niliweka "uzoefu usiopungua miaka mitatu" bila kufikiri, kwa nafasi ambayo mtu makini angeijifunza ndani ya miezi mitatu. Bosi akauliza kwa nini mitatu. Nikasema ndivyo wanavyoandika wote.

Baadaye nilielewa kwa nini wanaandika wote. Mtu mpya ana gharama. Miezi yake ya mwanzo anakula mshahara wake na muda wa anayemfundisha. Akishaiva, jirani anamwongezea laki mbili anaondoka. Mchumi wa Marekani Gary Becker alilieleza hili katika miaka ya 1960: ujuzi unaotumika popote, mwajiri hapendi kuugharamia, kwa sababu faida yake huondoka na miguu ya mfanyakazi. Kila kampuni basi inasubiri nyingine imfundishe kijana, ije imchukue akiwa tayari. Wote wanataka kuvuna na hakuna anayetaka kulima. Ndiyo maana kijana anazungushwa: hupati kazi bila uzoefu, na uzoefu haupati bila kazi.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria imempa mwajiri kinga ambayo haitumii. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki kwa masharti yale yanayowalinda wenzake. Mwajiri ana miezi 6 ya kumwangalia mtu kwa macho yake mwenyewe, bila kuhitaji shahidi yeyote. Wengi wanaogopa hata hiyo.

Mwaka ule tuliajiri wawili. Mmoja alikuwa binti mwenye shahada ya mambo ya usafirishaji. Mwingine alikuwa kijana wa mjini, kidato cha nne, aliyekuwa deiwaka, yaani kibarua wa siku, wa mawakala pale karibu na bandari. Kwa lugha ya kazi, kishoka, mtu wa kati asiye rasmi, ila aliyetulia. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kijana. Alijua kontena letu liko bandari kavu ipi kabla mfumo haujaonyesha. Alijua siku za bure zinaisha lini na tozo ya kuhifadhi inaanza saa ngapi, na alijua kwamba karatasi ikikwama unainuka kwenda dirishani. Binti alituma barua pepe, akakaa kusubiri majibu. Tukalipa siku mbili za kontena kwa adabu yake hiyo.

Wiki ya tano lilikuja suala la TRA. Mzigo wa mteja ulikuwa unabishaniwa: ni bidhaa ya kati, ambayo kwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki hutozwa 10%, au ni bidhaa iliyokamilika, ambayo kwa kawaida hutozwa 25%? Kijana alikuwa na njia moja tu, ya kwenda kubembeleza. Binti alikaa na kitabu cha viwango jioni nzima, akasoma maelezo ya sura husika, akaandika barua ya kurasa mbili yenye hoja iliyosimama. Tulishinda. Fedha aliyookoa siku hiyo ingelipa zile siku mbili za kontena mara nyingi sana.

Sisemi kwamba kila mwenye digrii yuko kama yule binti. Nimewasaili wengi ambao shahada yao ilikuwa shahidi asiye na la kusema. Ninachosema ni kwamba vitu hivi viwili havipimwi kwa ratili moja. Uzoefu unakufundisha lililokwisha kutokea. Elimu nzuri, ikiwa nzuri kweli, inakupa pa kushika linapotokea ambalo halijawahi kutokea. Kazi yenye mambo yale yale kila siku humlipa mzoefu, na kazi ambayo sheria na mifumo yake hubadilika kila bajeti, kama ya forodha, haichelewi kumtafuta aliyezoea kusoma.

Uzoefu usio na shahidi

Yule kijana alikaa nasi miaka mitatu kwa mshahara ule ule. Kisha akaenda kusoma cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki kinachotolewa hapa na Chuo cha Kodi. Aliporudi aliniambia, "Bosi, asilimia kubwa ya waliyonifundisha nilikuwa nayajua." Pamoja na hayo mshahara ulipanda mwezi ule ule, kwa sababu kampuni inapoomba leseni inatakiwa ionyeshe ina watu wenye cheti hicho. Alichokijua hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu wa nje anayekithibitisha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na kuna utafiti mmoja wa Uganda ulionionyesha vizuri kuliko nilivyoweza kulisema mwenyewe. Watafiti walishirikiana na shirika la BRAC wakachukua vijana wapatao 1,700. Wengine walipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi 6, wakatoka na vyeti. Wengine waliwekwa moja kwa moja kwenye karakana na saluni kwa muda huo huo, wakafundishwa na wenye biashara. Mwanzoni wa kazini ndio waliotangulia, maana tayari walikuwa ndani. Lakini baada ya muda waliotoka chuoni waliwapita. Sababu haikuwa kwamba wanajua zaidi. Kazi za vijana hazidumu. Siku mtu anaachishwa, mwenye cheti ana cha kumwonyesha mwajiri anayefuata, na aliyefundishwa kazini ana maneno yake tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020, na kila nikiyakumbuka namwona fundi umeme wa mtaani kwetu. Nyaya za nyumba nzima anavuta yeye, kisha anamlipa mwenye leseni aweke mhuri kwenye fomu ya kuombea umeme. Anachokodi pale ni shahidi.

Afrika Kusini nako watafiti walijaribu kitu cha kawaida kabisa: walituma maombi ya kazi ya vijana, mengine yakiwa na barua ya mwajiri wa zamani na mengine bila. Yenye barua yalijibiwa 60% zaidi. Barua moja tu! Na hapa Tanzania huna haja ya kuiomba kama hisani. Kifungu cha 44 cha ile sheria ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe hati ya utumishi kila mfanyakazi anayeondoka. Kwa miaka 7 yote ofisini kwetu waliokuja kuidai nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi huondoka kwa hasira, au kwa haraka ya kwenda kwenye laki mbili za jirani, wanaacha miaka yao nyuma kama mwavuli uliosahaulika kwenye daladala. Ushahidi mwingine ambao watu hawaufikirii ni michango yao ya NSSF. Rekodi ile inaonyesha nani alikuchangia na kwa miezi gani, na ni vigumu kuighushi kuliko CV. Anayejitolea bila mkataba, bila michango na bila barua anaweza kujifunza mengi, lakini kisheria ni kama hakuwahi kuwapo.

Penye fani zenye bodi, ubishi huu ulishamalizwa zamani kwa kukataa kuchagua. Daktari humaliza shahada yake kisha akafanya kazi mwaka mzima hospitalini chini ya usimamizi ndipo asajiliwe kikamilifu. Mhandisi huhesabiwa mhitimu tu mpaka apitie miaka mitatu ya kazi inayosimamiwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa kuwalea tangu 2003. Mwanasheria, tangu 2008, lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo kabla ya kuvaa joho la uwakili. Huko ndiko lilikotokea lile la Oktoba 2022: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati, watu wakalaumiana wiki nzima, vyuo vikitupiwa lawama na wengine wakiitupia Shule yenyewe. Mimi nilichokiona ni kwamba wote 633 walikuwa na shahada mkononi.

Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alieleza kwa hesabu kwa nini shahada inaweza kuwa na thamani sokoni hata isipokufundisha kitu: inatosha tu iwe ngumu zaidi kwa asiyeweza kuliko kwa anayeweza. Alipata Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2001. Upande wa pili wa hoja yake ndio unaotuhusu. Ishara ikiwa rahisi kuipata, inaacha kuwa ishara. Walipokuwa 13, kila mmoja alionekana kutoka mbali. Wakiwa maelfu kwa maelfu kila mwaka, mwajiri anaanza kutafuta ishara nyingine juu ya ile: GPA, shahada ya uzamili, jina la chuo, miaka mitatu ya uzoefu. Ninashuku kwamba uzoefu wenyewe uko njiani kwenda huko huko. Barua za uzoefu za kutengenezwa kwenye duka la steshenari nimeshazishika, moja ikiwa na mhuri wa kampuni iliyofungwa miaka miwili kabla ya tarehe ya barua.

Na yale maneno yanayopendwa mitandaoni kwamba kampuni kubwa za Marekani hazitaki digrii tena? Ni kweli nyingi zimefuta sharti hilo kwenye matangazo yao, na jimbo la Maryland lililegeza kwa nafasi zake nyingi mwaka 2022. Watafiti wa Harvard walipofuatilia nani hasa anaajiriwa, taarifa yao ya 2024 ilionyesha kwamba mabadiliko hayo yaligusa chini ya ajira 1 katika kila 700. Kufuta mstari kwenye tangazo ni kazi ya dakika moja, na yule anayepitia maombi bado ni yule yule, bado anaogopa, na bado anaokota lile lenye jina la chuo analolijua.

Mpwa wangu hakukata tamaa, au niseme alikata kwa wiki mbili. Asiye na sekondari anaanzia kwenye Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, akifaulu ndipo anaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hesabu zetu, mambo yakienda sawa, atakuwa na cheti akiwa na miaka 40, na mwisho wa umri kwenye matangazo yale ni 45. Amenunua madaftari, ameyapanga pale juu ya kioo panapokaa vibali vya safari.

Wiki iliyopita alinipigia akiwa Tunduma, siku ya tatu kwenye foleni ya malori, Nakonde inaonekana mbele lakini hakisogei kitu. Akanisalimia, akauliza hali ya shangazi, kisha akashusha sauti kidogo, nadhani utingo wake alikuwa karibu. "Mjomba, hivi usanisinuru ni kitu gani? Tena wanautaka kwa Kiingereza."